Kasirika Ukitoa Pumzi

Wanawake walikuwa wameketi kwa mkeka, miguu wameinyosha mbele, wakigawana nguo za mama mkwe. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi, hapo kwake Bungoma, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu sijawahi kujua kutulia kwa shughuli kama hiyo. Sweta ya kijani ikaenda kwa binti wa kwanza. Viatu vya kanisa vikakosa mguu wa kuvitosha. Halafu shangazi ya bwanangu akaingiza mkono chini kabisa ya sanduku, akatoa leso nyekundu ya maua meusi, imepauka, imelainika kama kitambaa cha kupangusa vyombo, akanirushia bila kuniangalia. "Hii ni ya Mama Simiyu. Marehemu alisema." Nikaidaka, na mwili ukarudi mwaka wa tisini na tisa kabla akili haijafika huko. Tumbo likajikaza lenyewe. Taya ikafunga. Ndipo nikajua kwamba bado niko na hasira na huyo mama, na sisi wenyewe tumeshamwekea udongo.

Hiyo leso ilinifunga. Sisemi kwa mafumbo. Nilipozaa Simiyu, mama mkwe alikuja Kitengela akae nasi mwezi mmoja, akakaa mwaka. Siku aliyofika, hata chai haijachemka, alinisimamisha katikati ya nyumba, akanizungushia leso kutoka chini ya matiti mpaka kwa nyonga, akaweka goti mgongoni mwangu na kuvuta kama mtu anafunga mzigo wa kuni juu ya punda. Wanawake wa kwetu wote wamefungwa hivyo baada ya kuzaa. Tumbo lisipofungwa, linabaki likining'inia, na watu wanakucheka kisimani. Yeye mwenyewe alifungwa kwa kila mtoto, na alizaa tisa. Na mimi, sitadanganya, wiki za kwanza nilipenda. Ni kama mtu alikuwa amenikumbatia na haniachi. Mwezi ulipoisha ndio mgongo ulianza, hapa chini, juu ya makalio, kama msumari. Nikamwambia. Akasema, "Imelegea," akakaza. Uchungu ukazidi. Nikamwambia tena, na safari hii nilimwomba mwenyewe, "Mama, kaza." Tukaendelea hivyo, uchungu na leso, kila mmoja akimkimbiza mwenzake, mpaka nikawa natembea kama bata na sikuweza kuvaa soksi.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati ndani ya ploti, na katikati shuka la maua lililokatwa likawa pazia. Upande mmoja kitanda chetu na bwanangu Barasa, upande mwingine jiko la mafuta taa, meza, kiti kimoja cha mbao, godoro la mama mkwe na kistuli chake. Mwaka huo mvua ilikataa. Upepo ulileta vumbi la udongo mweusi kutoka upande mmoja na vumbi la simiti kutoka upande mwingine, tukapangusa meza asubuhi, tukapangusa mchana, na bado ugali ulikwaruza meno. Maji yalikuja na punda, ya chumvi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fomu foo nimemaliza, kazi yangu ya cherehani kiwandani Athi River inaningoja nipone, na nilikuwa nazunguka ndani ya hicho chumba kama kuku aliyefungiwa. Nikikaa, mgongo. Nikisimama, mgongo. Nikilala, naamka kusimama.

Siku moja karibu na Pasaka nilikuwa namwosha Simiyu nje kwa karai. Nimeinama, mkono mmoja chini ya shingo yake, sabuni kila mahali. Nilipotaka kumtoa, mgongo ukashika. Si kwamba uliuma, uliuma siku zote. Ulishika, kama mlango umefungwa na mtu ndani. Sikuweza kuinuka, sikuweza kuchuchumaa, na mtoto akaanza kuteleza. Uso wake ukaingia majini. Kidogo tu, lakini uliingia, na mimi niliuona ukiingia na sikuweza kufanya chochote ila kupiga kelele. Mama mkwe alitoka mbio akamnyakua. Simiyu akakohoa, akalia, akanyamaza. Mimi nilibaki nimeinama juu ya karai lisilo na mtoto, mikono kwa magoti, mpaka Mama Tipape aliyekuwa akituletea maziwa akafika na kibuyu chake na kusema, "Takwenya," kama vile ni kawaida kusalimia makalio ya mtu. Nikajibu, "Iko," nikiwa nimetazama chini.

Jioni hiyo, nikiwa nimelala upande wa kitanda, niliwasikia kupitia pazia. Walikuwa wanakula ugali na mboga ya mrenda. Nilijua kwa ile sauti ya kunyonya vidole.

"Barasa, huyu msichana si mbaya," mama mkwe alisema. "Lakini mwili wake umekataa. Leo ningechelewa, tungekuwa tunasema mambo mengine hapa."

"Ndiyo, Mama."

"Disemba nikirudi nyumbani, naenda na mtoto. Atakuwa anakula uji. Huko kuna ng'ombe, kuna watu. Yeye atabaki akijiuguza."

Mwiko ukagonga sufuria. Halafu bwanangu, baba ya mtoto wangu, akasema, "Sawa, Mama. Kama hatakuwa amepona."

Hiyo "sawa" nimeishi nayo. Hakunigeukia kuniuliza. Ningeinuka nikavute hilo pazia, lakini kuinuka kwenyewe kulikuwa kazi, na nilipofaulu kukaa kitako, walikuwa wameshaanza kuongea juu ya bei ya mahindi. Tangu siku hiyo sikuwa nahesabu uchungu. Nilikuwa nahesabu Disemba.

Ni Mama Tipape aliniambia kuna mama Kajiado, kwa kliniki moja ndogo karibu na soko la mbuzi, anafundisha watu kutembea. Alimsaidia kakake Mama Tipape aliyevunjika nyonga. Nilipomwambia mama mkwe naenda, alikuwa anachambua kunde, hakuinua kichwa. "Kufundishwa kutembea? Kwani wewe ulizaliwa lini?"

Huyo mama aliitwa Naisula. Nilitarajia mtu wa koti jeupe na sauti ya chini. Nilipata mwanamke mrefu wa Kimaasai, nywele fupi, raba miguuni, anakula mahindi ya kuchoma na kuweka gunzi ndani ya droo. Alikuwa amesomea hiyo kazi ya kunyoosha viungo Nairobi na hakulificha hilo. Chumba chake kilinuka spiriti na mbuzi. Kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa, mkeka wa raba, na vyuma viwili vya kushikilia, na kati ya hivyo vyuma mzee mmoja aliyekanyagwa na ng'ombe alikuwa akijaribu kusimama. "Mimi ananifundisha kusimama," mzee aliniambia. "Na nimekuwa nikisimama tangu wakati wa mkoloni."

Naisula aliniambia nitembee mpaka dirishani na kurudi. Akatazama miguu, si uso. "Unatembea kama mtu amebeba sufuria ya uji moto. Ukikohoa je?"

"Nikikohoa nini?"

"Usiniulize nini. Mkojo unatoka?"

Nikamwangalia mzee. Naisula akasema, "Huyo hasikii."

"Nasikia," mzee akasema.

Akafunga pazia, akaniambia nifungue leso. Nilikataa. Nilikuwa nimeambiwa nikiifungua kabla ya wakati matumbo yataanguka, na nilikuwa msichana wa fomu foo mwenye cheti cha bayolojia, na niliamini. Aliifungua yeye, mzunguko baada ya mzunguko, nami nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Hakuna kilichoanguka. Nililala chini, akaniambia niinue kichwa kidogo, akabonyeza juu ya kitovu, vidole vyake vikazama kama kwa unga uliokandwa.

"Hapa misuli imeachana katikati," akasema. "Hiyo si ugonjwa, ni mtoto alitaka nafasi. Leso wiki za kwanza si mbaya. Lakini wewe umekaa nayo miezi. Kila misuli ikitaka kufanya kazi, inakuta leso imeshafanya. Ikaenda likizo. Sasa mgongo unabeba kila kitu peke yake, na hiyo leso inayobana hapo juu inasukuma uzito wote chini, ndio maana unavuja. Hujavunjika. Umesahau. Tutaukumbusha mwili."

Nikauliza nitapewa dawa gani. Akavuta kiti, akaweka miguu yangu juu yake, akaweka mkono wangu mmoja kwa mbavu na mwingine chini ya kitovu. "Pumua."

"Nimetoka Kitengela na mtoto mgongoni mwa jirani kuja kufundishwa kupumua?"

"Ndiyo. Na unafanya vibaya."

Nyuma ya pazia mzee alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani bila dawa, leso ndani ya mfuko wa plastiki. Kazi yangu ilikuwa kulala sakafuni, miguu juu ya kile kiti chetu kimoja, kuvuta hewa mpaka mbavu zifunguke kama mwavuli, na kuitoa polepole kwa mdomo nikihisi chini kunainuka na tumbo linaingia lenyewe, bila kulikaza kwa nguvu. Nikishaweza hayo, niinue makalio. Nikishaweza, nisimame kwa magoti na mikono, ninyoshe mkono huu na mguu ule bila kuyumba. Hapo ndipo nitafika kwa kuinama, na mwisho kabisa kubeba. Nilichukia kila dakika. Mtu amekuambia atachukua mtoto wako, na wewe unalala chini kupuliza hewa! Mama mkwe aliponiona bila leso alikataa chai yangu, akaenda kunywa kwa jirani. Siku ya pili akasema, akiongea na sufuria, "Wengine wanatafuta kazi, wengine wanalala chini mchana." Lakini alipokuwa akiinuka kutoka kwa kile kistuli chake, alishika meza, halafu ukuta, halafu bega la yeyote aliye karibu, na akikohoa alibana miguu. Niliyaona hayo. Sikuyafikiria. Nilikuwa na yangu.

Mwezi wa saba nilichoka na polepole. Mgongo ulikuwa umetulia kidogo, nikadhani ni vile nimepona, na niliruka masomo yote ya katikati. Mwenye punda aliteremsha mtungi wa maji mlangoni, mama mkwe akaita, "Barasa atauingiza akirudi, wewe huwezi." Mimi siwezi? Nilienda, nikaushika kwa mikono miwili, nikafunga pumzi, nikafunga macho, nikauinua mpaka magotini. Basi, mgongo ukashika. Nilikula chakula cha jioni nikiwa nimelala ubavu, na Barasa ndiye aliyenilisha, na mama mkwe ndiye aliyenifunga tena ile leso, na mimi nilimwacha. Hakunicheka. Hilo ndilo lilinichoma zaidi. Alinifunga taratibu, akasema, "Pumzika, mama," kwa sauti ya mtu ambaye ameshapanga nguo za mtoto kichwani mwake.

Nilirudi Kajiado nikiwa tayari kupigana. Naisula hakunigombeza. Alijaza mchanga ndani ya kigunia kidogo, kama uzito wa paka, akaniambia nikiinue mbele ya kioo. "Usiangalie mkono. Angalia uso wako."

Nikaangalia. Meno yameumana, mabega yako masikioni, mshipa shingoni. Kwa kigunia cha paka.

"Umefunga pumzi," akasema. "Unakasirikia nani?"

"Mama mkwe."

"Na nani?"

"Bwanangu."

"Na nani?"

"Wewe."

"Vizuri. Sikuambii uache, uko na haki. Lakini ukikasirika unafunga hewa ndani, na hewa ikifungwa inasukuma tumbo nje na chini, na ile misuli tumeamsha inalala tena. Kasirika ukitoa pumzi. Tafuta neno. Ukiinuka, litoe."

"Neno gani?"

"Lako. Usinipe tusi tu, hapa kuna wazee."

Nilishalijua kabla sijafika barabarani. *Haendi.* Lenyewe linaanza na pumzi. Nilianza upya kutoka sakafuni, na safari hii sikuruka kitu, kwa sababu sasa hasira ilikuwa na kazi. Nikiinua makalio, haendi. Nikinyosha mkono na mguu, haendi. Mama Tipape aliniazima fimbo ya bwanake ya kuchungia, niiweke wima mgongoni, iguse kichwa, iguse katikati ya mabega, iguse mfupa wa mkia, halafu niiname bila fimbo kuacha hata sehemu moja. Kichwa kiliacha. Makalio yakaacha. Naisula alikuwa ameniambia, "Fanya kama mikono yako imejaa vyombo na unafunga mlango kwa makalio," na siku niliyofikiria mlango badala ya mgongo, fimbo ikatulia. Mama Tipape akatoka nayo akiguna. "Ng'ombe wetu hawajawahi kupata heshima hivi." Nikaanza kuinua vitu: sufuria tupu, kopo la unga, mtungi wenye maji ya robo. Haendi, haendi. Ploti nzima ilisikia. Watoto waliniiga wakiruka kamba. Nilivaa soksi nimesimama. Nilikohoa nikasubiri, na hakuna kilichotokea, na nilicheka peke yangu chooni kama mwendawazimu. Nyuma ya pazia mama mkwe alikuwa akishona vifungo, na mara nyingine mkono wake ulikuwa umesimama hewani.

Disemba ilifika na vumbi lake. Asubuhi ya safari mfuko ulikuwa mlangoni, nguo za Simiyu juu kabisa, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Tulikuwa tumekunywa chai na viazi vitamu, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Simiyu alikuwa chini, mnene, ameshika mguu wa meza akijisimamisha na kuanguka. Mama mkwe alivaa viatu vyake, akamwendea. Akashika meza, akainama, akashika ukuta, akasimama bila mtoto, uso umekunjamana.

"Barasa, nipe yeye hapa."

Mimi nilifika kwanza. Nikatanua miguu. Nikafunga ule mlango kwa makalio, nikashuka, nikamvuta Simiyu mpaka akagusa kifua changu, kwa sababu mzigo ulio mbali ndio mzito. Nikatoa pumzi. "Haendi."

Nikainuka. Hakuna kilichoshika. Nikatoka naye nje, nikatembea mpaka kwa lango ambapo ng'ombe walikuwa wakipita kwenda kutafuta nyasi ambayo haikuwepo, tukawaangalia wote mpaka wa mwisho, nikarudi, nikasimama mbele ya mama mkwe na mtoto bado yuko mikononi. Sikuegemea ukuta. Aliniangalia muda mrefu, si uso. Miguu, nyonga, tumbo, kama Naisula.

"Barasa," akasema, "toa nguo za mtoto kwa mfuko."

"Lakini Mama, si tulisema..."

"Wewe ulisema. Toa." Halafu kwangu: "Kama hutaki leso yangu, nirudishie."

Nikampa. Akaikunja, akaitia kifuani, akaondoka. Hakunipongeza, na mimi sikumwomba msamaha kwa lolote, na kwa miaka yote iliyofuata, kwa harusi na matanga, tuliongea juu ya kuku na shule.

Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na hiyo leso mkononi, na Simiyu wa darasa la nne yuko nje akirusha mpira, na shangazi ya bwanangu akaniuliza, "Kwanza wewe tuambie. Alipokaa kwenu Kitengela, aliingia kanisa gani?"

"Kanisa? Hakuingia kanisa lolote."

"Usitufiche. Tangu arudi, kila asubuhi alikuwa analala chini hapo chumbani, miguu juu ya kiti, anapuliza hewa kama anawasha moto. Tukajua ni maombi. Na akiinuka kwa kiti, hashiki kitu, anasema 'haendi'. Akiinua mtungi, 'haendi'. Tulimwuliza, nani huyo haendi? Akasema hata yeye hajui, ndivyo inavyosemwa."

Wanawake wakacheka, kile kicheko cha matanga. "Lakini ilimsaidia," binti wa kwanza akasema. "Mpaka amelala hospitali, alikuwa anaenda choo mwenyewe, amenyooka."

Mimi sikucheka. Nilimkasirikia upya. Mwaka mzima alinichungulia kupitia pazia, na miaka yote hiyo hakuniuliza hata mara moja. Ningemwonyesha! Niliingia chumbani kwake nikakiona hicho kiti, na ni kirefu sana, magoti yalikuwa yanaenda juu, nusu ya kazi ilikuwa inapotea. Neno moja tu angeniambia. Nikasukuma kiti kando, nikavuta kistuli kutoka chini ya kitanda, nikatandika leso sakafuni, nikalala juu yake na nguo zangu za msiba, miguu juu ya kistuli, mkono mmoja kwa mbavu.

Shangazi akatokea mlangoni, akawageukia wenzake. "Njooni muone. Kumbe na huyu ni wa hilo kanisa."

Nikatoa pumzi mpaka mwisho. Nusu ya hasira ilitoka nayo. Nusu nyingine nilirudi nayo Kitengela.